Tumheshimu nani siku shule inatimiza miaka 60?

SWALI

Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa Historia katika sekondari moja ya serikali hapa Ilemela, Mwanza. Mwakani shule yetu inatimiza miaka 60, na mkuu wa shule ameunda kamati ya kuwaenzi watu waliosoma hapa wakafanya mambo makubwa. Mimi ndiye katibu. Vikao vimekwama. Wajumbe wengine wanataka watu watano tu, viongozi na wafanyabiashara, kwa matumaini kwamba watatumalizia boma la bweni la wasichana lililoishia kwenye lenta. Wengine tunataka na watu wasio na vyeo. Halafu kuna mama mmoja anayekausha na kufungasha dagaa, anauza pale Mwaloni, ameajiri watu na mzigo wake unavuka mpaka. Huyu aliondolewa shule akiwa kidato cha tatu kwa sababu ya ujauzito, na baadhi ya wajumbe wanasema hawezi kuhesabiwa kuwa wa shule hii. Tuwachague vipi? Na tufanye nini ili siku hiyo isiishie kwenye picha na keki?

JIBU

Marahaba, Mwalimu. Nianze na bweni, maana naona ndilo linalowagonganisha hata pale mnapodhani mnajadili majina.

Boma lililoishia kwenye lenta ni shida ya kweli. Wasichana wanaobanana, au wanaopanga vyumba mitaani, wanahitaji paa, wala simlaumu mjumbe anayewaza bati na mbao akisikia jina la mfanyabiashara. Lakini mkichanganya heshima na harambee mtaharibu vyote viwili. Mtu ameitwa aheshimiwe, anafika anasomewa risala ya kurasa nne yenye matundu ya vyoo, uzio na upungufu wa vitanda. Anaelewa papo hapo kwamba kilichoitwa ni mfuko wake. Atatoa ahadi kwa kuwa watu wanamtazama. Nimeona ahadi za namna hiyo zikifuatiliwa mwaka mzima, mpaka mkuu wa shule anaona haya kupiga simu tena. Na wanafunzi waliokaa pale juani wameshajifunza kwamba heshima ya shule yao ina bei, na bei yenyewe ni mifuko ya saruji.

Bweni lipewe kamati yake, siku yake na risiti zake, fedha zikiingia kwenye akaunti ya shule. Wachangiaji wake wa kutegemewa si wale watano. Ni makundi ya waliomaliza pamoja. Siku hizi karibu kila mwaka wa kumaliza una kundi lake la WhatsApp, lina mweka hazina, watu wanazikana na kuchangiana harusi. Kundi kama hilo likijiwekea miezi sita linaezeka nyumba bila yeyote kudai jina lake lipakwe ukutani. Wakitaka kuwa chama kamili chenye katiba na akaunti ya benki, njia ipo: wanajisajili chini ya Sheria ya Jumuiya kwa msajili aliye Wizara ya Mambo ya Ndani. Wasikusanye fedha kwa jina la shule kabla bodi haijajua. Na gharama za sherehe zisishuke kwa wanafunzi. Ada ilifutwa kwa kidato cha kwanza hadi cha nne tangu Januari 2016, ikafutwa kwa cha tano na cha sita mwaka 2022. Haitakuwa haki mtoto wa mvuvi wa Kayenze atozwe mchango ili wakubwa wakate keki.

Bweni likikamilika, msiliite kwa jina la mtu aliye hai. Mtu aliye hai bado ana mambo ya kufanya, mema na mabaya, na jina likishapakwa kufutwa kwake ni msiba wa shule nzima.

Sasa majina. Kabla hamjalitaja hata moja, kamati ikubaliane kipimo, kiandikwe kwenye muhtasari na wajumbe watie saini. Mimi nawapeni hiki: mtu huyu alifanya jambo gani, wapi, likamfaa nani, na ni nani asiye ndugu yake anayeweza kulishuhudia? Cheo peke yake hakijibu swali hilo. Mkisema "alikuwa mkurugenzi" mmetaja kiti alichokalia. Kijana wa kidato cha pili hapati cha kuiga hapo, kwa sababu kiti chenyewe ni kimoja na yeye hajui mtu hukifikiaje.

Simaanishi viongozi waachwe. Namaanisha waingie kwa mlango uleule wanaoingilia wengine. Mchukue Paul Bomani, ambaye kila mzee wa pamba kanda hii anamfahamu. Ukiwaambia wanafunzi alikuwa Waziri wa Fedha wa mwanzoni baada ya uhuru, watapiga makofi na kusahau kabla ya chakula. Waeleze badala yake kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walikuwa hawaiamini mizani ya wanunuzi, na kwamba yeye na wenzake walizunguka vijijini kuwaunganisha wakulima ili pamba yao ipimwe na watu wao wenyewe, vyama vikazaliwa, na mwaka 1955 likapatikana Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Hapo mwanafunzi anapata tatizo, anapata hatua, anapata matokeo. Anaweza kuuliza: na mimi, mizani ya leo isiyo ya haki iko wapi? Simtaji Bomani kwa sababu alisoma kwenu. Namtaja ili mwone jinsi maelezo ya mtu yanavyotakiwa kuwa. Mjumbe akikuletea jina la mbunge, muulize: mizani yake ni ipi? Akiwa nayo, mbunge huyo anastahili kama mwingine yeyote.

Kipimo hichohicho kitawafungulia watu ambao kamati haijawaona, na kwa mkoa wetu watu hao ni wengi kuliko tunavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulifanyika Mwanza utafiti ambao vitabu vya afya duniani vinautaja mpaka leo. Zilichukuliwa jamii 12 za vijijini, nusu yake zahanati na vituo vyake vya afya vikaboreshewa tiba ya magonjwa ya zinaa, na maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi yakapungua huko kwa takriban asilimia 40 ukilinganisha na jamii nyingine. Matokeo yalitangazwa mwaka 1995. Majina yanayokumbukwa ni ya watafiti wakuu. Lakini tiba ile ilitolewa na wauguzi na matabibu wa vituo vya vijijini, pengine wengine wao wakiwa wamesoma sekondari za ukanda huu, na baadhi yao wako hai, wamestaafu, wana bustani ya mchicha nyuma ya nyumba. Shule yenu ina miaka 60. Ingenishangaza kama hakuna hata mmoja wao aliyepita kwenye madarasa yenu. Nani amemtafuta?

Au daraja la Kigongo na Busisi, lile la J.P. Magufuli lililofunguliwa Juni 2025. Ni takriban kilomita 3 juu ya maji ambayo zamani tulikuwa tunayavuka kwa kivuko, mgonjwa akisubiri zamu pamoja na malori. Wako wahandisi Watanzania waliofanya kazi pale, wako wachomeleaji, wapima ardhi, madereva wa mitambo. Hao ndio mnaopaswa kuwaulizia mitaani. Nasema hivi hasa kwa shule zenye historia ya ufundi, kama Bwiru Wavulana: shule ya ufundi ikiwaenzi wanasiasa peke yao inakuwa imejikana yenyewe mbele ya wanafunzi wanaoshika randa na tupa. Kwenu pia yumo fundi. Pengine alipata divisheni ziro, akaenda chuo cha ufundi cha VETA pale Nyakato, na leo injini za mitumbwi ya visiwa vitatu zinamtegemea yeye. Mtu huyo akisimama mbele ya kidato cha nne wiki chache kabla ya mtihani wa Novemba, atawaambia jambo ambalo profesa hawezi kuwaambia.

Hapa niongeze tahadhari moja, kwa sababu shule nyingi huteleza hapo. Msimdai mtu asiye wenu. Mama Getrude Mongella ni fahari ya Ukerewe, ndiye aliyekuwa katibu mkuu wa mkutano wa wanawake wa Beijing mwaka 1995 na rais wa kwanza wa Bunge la Afrika mwaka 2004, lakini kuzaliwa kisiwani hakumfanyi kuwa wa kila shule ya ziwani. Hayati John Magufuli alipita seminari ya Katoke, akasoma Lake Sekondari hapa Mwanza, akaenda Mkwawa. Kila moja ya shule hizo ina haki ya kumtaja, mradi itaje miaka aliyokuwa kwake na isijifanye ndiyo iliyomtengeneza peke yake. Sengerema Sekondari nayo ina habari yake, ila kule alikuwa mwalimu. Walimu wapewe nafasi yao ya pekee, tena msiisahau: katika miaka 60 lazima yuko mwalimu wa Hisabati ambaye kila kundi mtakaloliuliza litamtaja kabla ya mtu mwingine.

Nije kwa yule mama wa dagaa, ambaye kwangu mimi ndiye moyo wa barua yako.

Wajumbe wanaosema si wa shule yenu wamekosea, na jibu liko kwenye rejista ya uandikishaji. Aliandikishwa, akapewa namba, akakaa kwenye madawati yenu miaka miwili na zaidi, akafagia uwanja na kuimba wimbo wa shule. Cheti hana, ndiyo. Lakini tujiulize kwa nini hana. Hakuacha kwa uvivu wala hakufukuzwa kwa wizi. Aliondolewa kwa utaratibu ambao nchi yenyewe imeuacha: Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito warudi katika mfumo rasmi baada ya kujifungua. Kama angekuwa kidato cha tatu leo, wewe Mwalimu ungempokea tena na kumpa kiti. Kamati inawezaje mwakani kumfungia mlango kwa jambo ambalo serikali yenyewe imeacha kulihesabu kuwa la kumfungia mtu masomo moja kwa moja? Kumbukeni pia kwamba mara nyingi mvulana aliyehusika, kama alikuwa mwanafunzi, aliendelea na masomo. Huenda yumo kwenye orodha yenu ya watu watano. Sitanii. Ni jambo linalotokea.

Kazi yake inapita kwenye kipimo bila shida. Dagaa wa ziwa letu kwa miaka mingi wameanikwa mchangani, wakaloa mvua ikija ghafla, wakauzwa na mchanga wake kwa bei ya chakula cha kuku. Anayeanika kwenye vichanja, akachagua, akafungasha, akapata mnunuzi ng'ambo ya mpaka, amepandisha thamani ya kazi ya wavuvi waliolala majini usiku kucha na ya akina mama waanikaji. Nendeni mkaione kazi yake kabla ya kuiandika. Waulizeni wafanyakazi wake wanalipwaje na wanalipwa lini, maana hilo nalo ni sehemu ya kipimo, kwake na kwa wale wafanyabiashara watano vilevile.

Ila kabla ya yote hayo, muulizeni mwenyewe kama anataka. Hili lifanyike kwa faragha, na mtu mmoja au wawili, ikiwezekana mwalimu wa kike anayemwamini, si kwa barua yenye mhuri inayopokelewa na mtoto wake dukani. Kuna watu ambao lango la shule yao linawakumbusha siku waliyotolewa mbele ya paredi. Anaweza kukataa. Anaweza kukubali kuheshimiwa na asitake habari ya ujauzito itajwe. Anaweza kutaka itajwe kwa sauti, tena aitaje mwenyewe. Chaguo ni lake, na chochote atakachochagua kamati ikifuate mpaka kwenye neno la mwisho la mshereheshaji. Msimgeuze kuwa mfano wa "aliyeanguka akainuka". Mtoto aliyemzaa siku zile leo ni mtu mzima, pengine atakuwa amekaa mstari wa mbele, na hakuna mtu anayependa kusikia kuzaliwa kwake kukiitwa kuanguka. Maelezo yake yawe ya dagaa, vichanja na ajira, sawasawa na maelezo ya mhandisi yanavyokuwa ya nguzo na zege.

Na kama ataridhia, mkuu wa shule aseme jambo moja zaidi siku hiyo, kwa kifupi: kwamba shule ilimwondoa, na kwamba leo inamrudisha kwenye orodha ya watu wake. Wasichana wa kidato cha kwanza watakaosikia hayo hawatayasahau.

Kuwapata watu wa aina hii kunahitaji kazi ya nyaraka, na hapo wewe mwalimu wa Historia ndipo penye utajiri wako. Fungueni kabati la ofisi ya mkuu wa shule. Rejista za uandikishaji za miaka ya mwanzo ziko hatarini: unyevunyevu wa ziwa, mchwa, na watu wanaohamisha ofisi wakaacha maboksi kwenye korido. Pigeni picha kila ukurasa kwa simu nzuri, mchana, karibu na dirisha, kisha mzihifadhi mahali pawili au zaidi. Kama shule ilianzishwa na misheni kabla serikali haijachukua shule za mashirika kwa sheria ya mwaka 1969, kumbukumbu nyingine zinaweza kuwa bado ziko kanisani, kwenye jimbo au dayosisi. Andikeni barua, nendeni kwa adabu, mara nyingi milango hufunguka. Tafuteni picha za pamoja za mahafali. Nyuma yake watu wa zamani walikuwa na desturi ya kuandika majina. Upande wa wanawake mtapata taabu ya majina, kwa kuwa rejista ina jina la baba na mtaani anajulikana kwa jina la mume au la mtoto wa kwanza. Mama Neema wa sokoni anaweza kuwa ndiye aliyeongoza darasa la mwaka 1978 na hakuna mjumbe anayejua. Dawa yake ni kuwauliza waliokaa naye bweni moja.

Wapeni wanafunzi kazi hii. Klabu ya historia igawane miongo: kundi moja lichukue miaka ya 1960 na 1970, jingine ya 1980, na kuendelea, kila kundi likahoji watu na kuandika. Wafundisheni kwanza kuomba ridhaa, kurekodi, na kurudi kwa mhojiwa ili asome walichokiandika. Siku moja wapelekeni Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, waone ngoma na viti vya watemi vilivyotunzwa vikiwa na habari zake, wajue kwamba kitu kisicho na maelezo ya mwenyewe baada ya muda kinakuwa gogo tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo iwe mezani: alama za mtu za kidato cha nne, dini yake, kazi ya baba yake na sababu ya kuhama shule si mambo ya kubandikwa ukutani kwa kuwa tu yamo kwenye rejista.

Utaratibu wa kuchagua sitaukawiza. Pendekezo lipokelewe kutoka kwa yeyote, kwa maandishi, likiwa na majina ya mashahidi wawili. Mjumbe mwenye undugu au biashara na anayependekezwa atoke nje wakati wa kumjadili. Mtu asijipendekeze mwenyewe. Anayegombea nafasi yoyote ya kisiasa asubiri uchaguzi upite, iwe wa serikali za mitaa au mkuu, na chaguzi hizo ratiba yake inajulikana miaka mitano kabla. Bila hivyo ngao yenu itaonekana kwenye mabango ya kampeni. Bodi ya shule ipitishe orodha, na Afisa Elimu Sekondari wa Manispaa ajulishwe mapema asije akaisikia siku ya tukio. Wekeni kwenye muhtasari kifungu kinachosema heshima inaweza kuondolewa, na kwa sababu zipi. Juu ya yote fanyeni uchunguzi wa kimyakimya kuhusu usalama wa watoto: mtu yeyote mnayemsimamisha mbele ya wanafunzi mnawaambia kwamba wanaweza kumwamini, wakimpigia simu kesho kutafuta ufadhili au nafasi ya mafunzo. Waulizeni waliofanya naye kazi, hasa wanawake waliokuwa chini yake. Mkipata mashaka yenye uzito, jina liondoke bila kelele, awe na cheo gani.

Idadi? Msijifunge na watano wa mara moja. Mwaka huu wa sitini mnaweza kuwa na wanane au kumi, wa nyakati na kazi tofauti, wanawake na wanaume, kisha kila mwaka watatu. Heshima ikiwa ya kila mwaka, ugomvi wa "kwa nini fulani ameachwa" unapungua, maana fulani ana mwakani.

Waanze wazee. Hili nalisisitiza. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilikuja kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Miaka thelathini na mitano mtu amekaa na kazi iliyokamilika. Kwenu wapo waliomaliza miaka ya mwanzo ambao leo wamevuka sabini na tano. Mfanyabiashara wa miaka arobaini na tano anaweza kungoja. Mzee asiyeweza kusafiri, kamati imfuate nyumbani na wanafunzi wawili na kiranja mkuu, Magu au Misungwi, wakae naye, wale alichowaandalia, na heshima yake isomwe mbele ya wajukuu zake. Kwa waliotangulia mbele ya haki, zungumzeni na mjane au mgane pamoja na watoto kabla ya kutangaza chochote, mjue mapema nani atapokea, kwa sababu mnaweza kuchokoza mgogoro wa mirathi bila kukusudia.

Kuhusu siku yenyewe, msiibandike kwenye mahafali ya kidato cha nne. Vijana wale wana siku yao moja, wazazi wao wamekuja na mashada, na akili zao ziko kwenye mtihani. Chagueni Jumamosi ya Julai au Agosti, kiangazi, kidato cha tano wakiwa wamesharipoti na mvua haipo. Asubuhi wageni waende madarasani. Kila mmoja apewe mkondo mmoja na vipindi viwili vya dakika 40, bila kipaza sauti, bila meza kuu, mwalimu wa darasa akiongoza maswali. Wanafunzi wawe wameandaa maswali yao baada ya kusoma maelezo ya mgeni. Wamuulize alikwama wapi, nani alimsaidia, kazi yake inalipa kiasi gani mtu anapoanza, angesoma masomo gani kama angerudi kidato cha tatu. Mgeni atakayesema hana nafasi ya madarasani, anataka kuja saa saba wakati wa ngao, kamati imwombe radhi na kumpanga mwaka mwingine.

Mchana sherehe iwe ya saa moja na nusu. Mgeni rasmi mmoja, hotuba moja. Maelezo ya kila anayeheshimiwa yasomwe na mwanafunzi aliyeyaandika, maneno yasiyozidi mia na hamsini. Kwa mfano, kwa muuguzi: "Kwa miaka thelathini alizalisha akina mama katika zahanati ya kijijini. Kabla umeme haujafika alifanya kazi kwa taa ya chemli. Alipostaafu, wanawake wa kata ile walimsindikiza kwa miguu mpaka kituo cha basi." Mambo matatu, yote yana shahidi. Ngao ndogo na cheti vinatosha, tena ngao itengenezwe na fundi wa hapahapa. Keki si lazima.

Ukutani wekeni ubao mmoja wa mbao ngumu, kwenye korido wanayopita wanafunzi wakienda bwalo, si ofisini kwa mkuu wa shule. Kila jina liwe na mwaka wa kumaliza, au miaka aliyosoma kwa ambaye hakumaliza, na mstari mmoja wa alichokifanya. Acheni nafasi ya miaka ishirini ijayo. Mahojiano kamili wanafunzi wayachape na kuyafunga kwa uzi: nakala moja ikae maktaba ya shule, nyingine apewe mwenyewe, na ya tatu ipelekwe Maktaba ya Mkoa pale mjini.